Maswali ya Wasomaji: Genge la Tony Soprano, Kicheko na Ukweli Wake

Barua nyingi za toleo hili zinahusu tamthilia moja, The Sopranos, hadithi ya Tony Soprano, bosi wa mafia wa New Jersey, na genge lake, iliyorushwa na kituo cha HBO cha Marekani kuanzia tarehe 10 Januari 1999 hadi tarehe 10 Juni 2007, misimu 6, sehemu 86. Wabishi wamegawanyika. Kuna wanaosema ni vichekesho vilivyovalishwa suti ya mafia, na kuna wanaohesabu kila jambo lisilowezekana. Tumechagua maswali yenye nyama. Ambaye hajamaliza misimu yote aahirishe kusoma, maana humu tunataja nani anakufa na nani anamuua.

Sehemu ya msituni, Paulie na Christopher, watu wa Tony, wanapompoteza Valery, yule Mrusi, ndiyo inayosifiwa kuliko zote. Nilicheka sana, lakini siamini. Mtu apigwe risasi ya kichwa, akimbie, atoweke? Na wanaume wawili wazima washindwe kutoka msituni?

Hiyo ni "Pine Barrens", sehemu ya 11 ya msimu wa 3, iliyoonyeshwa tarehe 6 Mei 2001. Skripti ni ya Terence Winter, muongozaji ni Steve Buscemi. Kabla ya risasi, tazama mambo yalivyofika hapo. Silvio, msaidizi wa Tony, ana mafua makali, kwa hiyo Paulie anatumwa badala yake kuchukua fedha kwa Valery. Kazi ni kupokea bahasha na kuondoka. Paulie anaona rimoti ya televisheni, anaichezea, kisha anaivunja makusudi kwa kiburi tu. Ugomvi unazuka, wanamkaba Valery kwa taa ya kusimama, wanadhani amekufa, wanamtia kwenye buti. Wakifika msituni wanafungua buti: yu hai. Hakuna hatua hata moja iliyosukumwa na bahati. Kila moja imezaliwa na tabia ya Paulie, mtu asiyeweza kuacha dharau ndogo ipite. Ndiyo maana tunacheka bila kuona kwamba tumedanganywa.

Sasa risasi. Rudia kuitazama kwa makini na utaona kwamba risasi inaonekana kumpata kichwani, lakini hatuoni imeingia kiasi gani. Tunaona mtu anaanguka kwa mbali, anainuka, anakimbia, halafu damu kwenye theluji inayokatika ghafla. Ngozi ya kichwa ina mishipa mingi ya damu, na risasi ikiikwaruza tu bila kuvunja fuvu, damu hutoka nyingi kuliko uzito wa jeraha. Mwanajeshi wa zamani mwenye jeraha la namna hiyo anaweza kukimbia. Na Paulie ana kila sababu ya kudai kwamba alilenga barabara.

Kupotea nako kunaaminika kuliko mnavyodhani. Mwaka 2009 watafiti wa taasisi ya Max Planck ya Tübingen, Ujerumani, walionyesha kwamba watu wakitembea msituni bila kuona jua huzunguka na kurudi walikopita, huku wakiamini wananyoosha. Wawili wale wanakimbia ovyo wakifuata mtu, hawana dira, theluji imefunika kila alama, kisha usiku unaingia.

Halafu simu. Tony anajaribu kumweleza Paulie kwamba Valery aliwahi kuwa komando wa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Urusi na aliua Wachechnya 16. Mtandao unakatika, na Paulie anamweleza Christopher kwamba jamaa aliua Wachekoslovakia 16 na kazi yake ilikuwa kupamba nyumba. Christopher anashangaa, maana nyumba yenyewe ilikuwa ovyo. Kichekesho hicho kina miguu miwili ya kweli: mtandao wa simu msituni mwaka 2001, na mazoea ya watu wa genge kusema kwa kifupi wakihofia kunaswa. Ukiondoa mguu mmoja, kinaanguka.

Lawama zetu ziko kwingine. Kwanza mahali. Pine Barrens halisi, kusini mwa New Jersey, ni tambarare ya mchanga yenye misonobari mifupi, hifadhi ya ekari zipatazo milioni 1.1 iliyowekwa kisheria mwaka 1978. Unachokiona kwenye skrini ni vilima, miamba na miti iliyopukutisha majani, kwa sababu picha zilipigwa Harriman State Park, jimbo la New York. Anayeifahamu New Jersey anaona mara moja. Pili, baridi. Paulie anapoteza kiatu, anajifunga kipande cha zulia la gari, analala ndani ya gari lililotelekezwa baada ya kugombania pakiti za tomato sosi zilizoganda. Zulia ni wazo zuri, ila usiku mzima chini ya nyuzi sifuri, soksi ikiwa imelowa, ungemwachia vidole vyeusi vya mguu. Tamthilia inamponya haraka mno.

Na Valery harudi. Waandishi walikataa kulifunga swali hilo, na walifanya vyema. Wanaosubiri aibuke msimu wa 6 wasijisumbue.

Bosi wa mafia kwenda kwa daktari wa akili na kusimulia mambo yake: hapo si pamezidi? Na Dk. Melfi, huyo daktari wake, kwa nini haendi polisi?

Hapajazidi. Frank Costello, mmoja wa wakubwa wa mafia wa New York, alitibiwa na daktari wa akili mwishoni mwa miaka ya 1940, na habari ilipofika magazetini ilimletea fedheha kubwa. Hofu ya Tony kwamba wenzake watamwona dhaifu au mropokaji ina msingi wa historia.

Kuhusu polisi, tamthilia iko sahihi kwa kiwango cha kushangaza. Katika sehemu ya kwanza kabisa Melfi anamwonya Tony: akimwambia jambo linaloashiria kwamba mtu atadhuriwa, atalazimika kuzifikia mamlaka. Hiyo si nakshi ya mwandishi. Mahakama ya California iliweka wajibu huo katika kesi ya Tarasoff mwaka 1976, na New Jersey ikafuata katika kesi ya McIntosh dhidi ya Milano mwaka 1979. Makosa yaliyokwisha kutendeka ni habari nyingine, yanabaki siri ya chumba. Mwaka 1996 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Jaffee dhidi ya Redmond, iliitambua siri hiyo hata mbele ya mahakama za shirikisho. Kwa hiyo Tony anaweza kuzungumzia jana, ila kesho anyamaze.

Na hapo ndipo waandishi walipochimba kicheko chao cha kwanza. Tony anamwambia daktari kwamba alikutana na mdeni wakanywa kahawa. Picha inakata, tunaona akimfukuza mdeni kwa gari nyasini, anamgonga, anashuka na kumpiga. Kisha tunarudi kwenye kiti, uso mtulivu. Kichekesho kinahitaji sheria ile ya siri ili kisimame: bila onyo la Melfi, uongo wa kahawa ungekuwa uongo wa kawaida usiochekesha mtu.

Mwaka 2001 chama cha wachanganuzi wa nafsi cha Marekani kiliwatunuku Lorraine Bracco, anayemcheza Melfi, na waandishi kwa jinsi tiba ilivyoonyeshwa. Kinachotupa shaka sisi ni muda. Daktari makini angemhamishia mgonjwa huyu kwa mwingine mapema zaidi, hasa baada ya msimu wa 1, alipolazimika kuikimbia ofisi yake na kufanyia kazi chumba cha moteli.

Junior, mjomba wa Tony, anajifanya amechanganyikiwa ili aikwepe kesi, halafu anachanganyikiwa kweli. Si ni kuandika kwa urahisi?

Msomaji, hilo limetokea karibu neno kwa neno, angalau nusu yake ya kwanza. Vincent Gigante, bosi wa familia ya Genovese, alitembea kwa miaka mingi mitaani Greenwich Village akiwa na joho la kuogea na kandambili, akibwabwaja peke yake, ili madaktari na majaji wamwone hafai kushtakiwa. Alipatikana na hatia mwaka 1997. Mwaka 2003 alikiri mbele ya mahakama kwamba ilikuwa maigizo.

Hata mpango wa Tony wa msimu wa 1, kumpa Junior kiti cha bosi ili makachero wamwandame yeye huku Tony akiendesha mambo kwa nyuma, umetoka katika familia hiyohiyo. Anthony Salerno alihukumiwa miaka 100 gerezani Januari 1987 kama bosi wa Genovese, kumbe wakati wote bosi halisi alikuwa Gigante.

Kisheria, kujifanya hujiwezi hakukupi ushindi, kunakununulia muda. Kipimo cha mahakama za shirikisho tangu kesi ya Dusky ya 1960 ni kama mshtakiwa anaelewa kinachoendelea na anaweza kumsaidia wakili wake. Asipoweza, kesi inasimama, haifutwi. Ndiyo maana mawakili wa Junior wanahesabu miezi, wala hawaombi aachiwe huru.

Sehemu bora kwa maoni yetu ni ile ya msimu wa 5: Junior anatazama kipindi cha vichekesho chenye mzee mwenye upara na miwani pamoja na mwenzake mnene, na anashikwa na fadhaa kwa sababu anaamini anajiona yeye mwenyewe na Bobby, msaidizi wake, wakiwa kwenye televisheni. Unacheka, halafu unagundua kwamba dalili imeandikwa sawasawa: wagonjwa wa aina hii huchanganya watu wa kwenye skrini na watu wa maisha yao. Tangu hapo ugonjwa unakua polepole mpaka msimu wa 6 anapompiga Tony risasi akimdhani ni adui wa zamani. Mwandishi wa haraka angerukia risasi moja kwa moja.

Ile taa yenye kinasa sauti. FBI wanahangaika sehemu nzima kuitega, kisha Meadow, binti wa Tony, anaichukua na kwenda nayo chuoni. Huo si utani wa katuni?

Ni utani, lakini sheria yake ni halisi. Tangu mwaka 1968 makachero wa Marekani wanahitaji kibali cha jaji ili kutega kinasa sauti. Kibali hudumu siku 30 zisizozidi, kisha huombwa upya. Kinataja mahali maalumu, na kinawalazimisha wasikilizaji kuzima mashine mazungumzo yanapokuwa ya kifamilia, wakirudi mara kwa mara kwa muda mfupi kupima kama mada imebadilika. Ndiyo maana mwanzoni mwa msimu wa 3 tunawaona wakisikiliza porojo za mume na mke kuhusu mambo ya nyumbani, kisha wanazima. Mtu akitaka kuwahadaa makachero, aanze na habari za mkewe kisha aingize biashara katikati.

Sasa taa ikihamia bweni la Meadow, kibali hakiifuati. Kilitolewa kwa chumba cha chini cha nyumba ya Tony. Kuisikiliza bwenini kungekuwa kosa la jinai la makachero wenyewe. Kwa hiyo juhudi zote zinamwagika kwa sababu binti alihitaji taa ya kusomea. Huo ndio utani wa tamthilia hii kwa ukamilifu wake: dola yenye magari, mafundi na ramani, inashindwa na mtoto anayehama nyumba.

Je, kutega nyumba ya bosi kunawezekana? Mwaka 1983 FBI walitega kinasa sauti nyumbani kwa Paul Castellano, bosi wa familia ya Gambino, Staten Island. Walivuna ushahidi, lakini pia walisikiliza saa nyingi za malalamiko ya maradhi na mambo ya mjakazi wa nyumba. Na hukohuko New Jersey, kinasa sauti kiliwekwa ofisini kwa Sam DeCavalcante, Kenilworth, kati ya 1961 na 1965. Maandishi ya mazungumzo yake yalipotolewa hadharani mwaka 1969, wasomaji walikuta mwanamume anayehangaika kusuluhisha ugomvi wa vijana wake kama karani wa ofisi.

Halafu kuna hili la kufurahisha: mwaka 1999, tamthilia ikiwa changa, FBI waliwanasa watu wa familia ya DeCavalcante wakijadiliana kama The Sopranos inawahusu wao, na nani ni nani humo ndani.

Duka la vifaa vya michezo la Davey. Sikuelewa. Kama walitaka fedha zao, kwa nini wasiliuze tu duka?

Kwa sababu duka lililouzwa linalipa mara moja, na lililonyonywa linalipa kuliko thamani yake. Davey Scatino, mwenye duka, alipoteza kwenye kamari ya genge la Tony "maboksi 45 ya ziti" (ziti ni aina ya tambi), yaani dola 45,000, boksi moja likiwa dola 1,000. Hana fedha, ila ana kitu kizuri zaidi machoni pa Tony: duka lenye jina safi kwa wauzaji wa jumla.

Mchezo huenda hivi. Duka linaagiza mali kauli, ya kulipwa baada ya siku 30 au 60. Hapo mwanzo huagizwa kiasi cha kawaida, na pengine ankara za kwanza hulipwa kwa wakati ili kiwango cha mkopo kipandishwe. Kisha maagizo yanafurika: maji ya chupa, masanduku ya kupozea, hata tiketi za ndege, vitu visivyohusiana na michezo. Mali inatokea mlango wa nyuma usiku uleule na kuuzwa kwa bei ya chini ya ile ya kiwandani. Anayeuza kwa nusu bei kitu ambacho hatakilipia, faida yake ni nusu nzima. Ankara zinapoiva, duka linatangaza muflisi na jina lililo kwenye karatasi ni la Davey.

Kinachoharibu mpango, katika maisha halisi, ni pupa. Mfilisi aliyeteuliwa na mahakama hufungua vitabu na kuona manunuzi yaliyopaa ghafla miezi miwili kabla ya kufilisika, bila stoo wala mauzo ya kuyaeleza. Udanganyifu wa kufilisika ni kosa la shirikisho lenye kifungo cha hadi miaka 5. Tamthilia haimfikishi Davey huko, inamfikisha kwenye hema la kuuza, ndani ya duka lake mwenyewe, ambamo analala. Hiyo ni picha ya kuchekesha na kuumiza kwa pamoja, na ni ya uhasibu kabisa: hema ni mali pekee ambayo hakuna aliyetaka kuibeba.

Mnaopenda mambo haya ya vitabu vya hesabu, tazameni pia msimu wa 4 na kazi hewa za ujenzi Newark. Kuna kazi ambayo huhitaji kufika kabisa, na kuna kazi ambayo lazima ufike lakini hufanyi chochote. Ugomvi wa nani apewe ipi unachukua muda mrefu kuliko mauaji mengi ya tamthilia, na wanaume wazima wanakaa kwenye viti vya kukunja katikati ya vumbi la ujenzi, wanapiga soga. Mshahara uko palepale, bima ya afya ipo. Bima hiyo, wasomaji, ndiyo inayogombaniwa hasa.

Bobby kusema kwamba Quasimodo alitabiri mashambulizi ya Septemba 11: waandishi wanawadharau wahusika wao?

Hapana, na mstari wa kutofautisha ni huu. Dharau ni pale mhusika anapokosea na wengine wote wanasimama kumcheka ili mtazamaji ajue pa kucheka. Bobby anakosea kwa mantiki: anamtafuta Nostradamus, mtabiri wa kale, mkononi ana Quasimodo, mwenye kibyongo wa riwaya. Tony anamsahihisha, na masahihisho yanafungua shimo jipya, kwa sababu Notre Dame ni kanisa la yule mwenye kibyongo na pia ni chuo chenye timu maarufu ya kandanda ya Kimarekani. Bobby anaziunganisha zote na kuona kuna siri kubwa. Hakuna anayecheka mezani. Mazungumzo yanaendelea, kahawa inanywewa. Na wakati huo Bobby anaeleza hofu ya kweli ya mwaka 2002.

Kanuni ya waandishi wazuri ni kwamba kosa la maneno liwe na njia: msikilizaji aweze kurudi nyuma na kuona lilikotoka. Little Carmine, mtoto wa bosi wa New York, ndiye anayeijaribu kanuni hiyo. Anachanganya methali mbili na kupata ya tatu isiyo na maana, tena kwa sauti ya msomi. Mara tano za kwanza ni dhahabu. Kufikia msimu wa 6 unaanza kuona mkono wa mwandishi, kana kwamba kila aingiapo sharti alipe ushuru wa kosa moja. Wanaomwokoa ni waandishi haohao, wanapompa katika sehemu ya "Stage 5" hotuba ya kueleza kwa nini hataki tena kuwa bosi. Anaongea kwa utulivu, anaeleweka, na ghafla yeye ndiye mwenye akili kuliko wote mezani.

Nipeni basi kitu kimoja ambacho hakiwezekani kabisa.

Bosi anayeua kwa mikono yake. Tony anamnyonga Petrulio, anampiga risasi Bevilaqua, yumo boti anapouawa Pussy, anamuua Ralph jikoni, anampiga risasi binamu yake Tony Blundetto, anamziba pua Christopher. Kazi ya ngazi za genge, kuanzia bosi, naibu, kapteni hadi askari, ni kumweka bosi mbali na damu, ili kila kiungo kiwe mtu mmoja wa ziada ambaye mwendesha mashtaka lazima amvunje. Sammy Gravano, naibu wa familia ya Gambino, alikiri kushiriki mauaji 19, na kwa mengi kati ya hayo hakushika silaha. Bosi mwenye orodha kama ya Tony angekuwa mahabusu kabla ya msimu wa 3.

Lakini angalia jinsi waandishi wanavyolipa deni hilo. Mauaji ya Petrulio katika sehemu ya "College" yanategemea sadfa kubwa: msaliti aliyejificha Maine anaonekana kwenye kituo cha mafuta siku Tony anapomtembeza bintiye vyuoni. Mtazamaji husamehe sadfa inayomletea mhusika matatizo. Ile inayomwokoa ndiyo haisameheki. Hii inamharibia Tony safari, inamlazimisha kumdanganya mtoto wake siku nzima. Ralph naye ni kapteni aliyeapishwa, ambaye hata kumpiga kofi ni kosa katika sheria za genge, kwa hiyo Tony analazimika kuficha kila kitu hata kwa watu wake. Na ndipo unapata kichekesho cheusi kuliko vyote vya tamthilia: Christopher, akiwa amelewa dawa, anashika nywele za Ralph na kubaki na wigi mkononi. Misimu miwili hakuna aliyesema neno kuhusu nywele zile.

Isabella, yule mwanamke wa jirani ambaye Tony anamwona kumbe hayupo, aliletwa na dawa kweli?

Kwa shida. Tony alikuwa anatumia Prozac na lithiamu. Lithiamu ikizidi mwilini inaweza kuleta mkanganyiko mkubwa, na kwa sababu hiyo madaktari hupima damu mara kwa mara, wakilenga kiasi cha takriban milimoli 0.6 hadi 1.2 kwa lita. Kipimo hicho hatukioni hata mara moja. Lakini mrembo mtulivu, anayezungumza vizuri kwa siku kadhaa, amekaa kitabibu zaidi kama hitaji la hadithi kuliko kama sumu ya dawa.

Adriana, mchumba wa Christopher aliyekuwa akishinikizwa na FBI atoe siri, aliamini akiolewa naye hatalazimishwa kutoa ushahidi. Ni kweli?

Nusu. Tangu hukumu ya Trammel ya 1980, katika kesi za jinai za shirikisho haki ya kukataa ni ya mwenzi anayeitwa kutoa ushahidi, si ya mshtakiwa. Kwa hiyo Adriana angeweza kukataa, lakini pia FBI wangeweza kumshawishi akubali, na Christopher asingekuwa na la kufanya. Tena mahakama hazipendi ndoa zilizofungwa kwa ajili ya kukwepa kizimba.

Christopher anampiga risasi ya mguu kijana wa duka la mikate bila sababu. Kwa nini?

Sababu ipo nje ya hadithi. Katika filamu ya Goodfellas ya 1990, Michael Imperioli, anayemcheza Christopher, aliigiza kijana mhudumu anayepigwa risasi ya mguu. Miaka tisa baadaye waandishi walimpa bastola yeye.

Kiapo cha kujiunga, kuchoma picha ya mtakatifu na kuchoma kidole: ni mambo ya sinema tu?

Tarehe 29 Oktoba 1989, Medford, Massachusetts, FBI walirekodi kiapo halisi cha familia ya Patriarca. Damu ya kidole na picha takatifu inayoungua vilikuwemo. Kunguru anayeonekana dirishani Christopher anapoapishwa ndiye wa waandishi.

Tony Sirico, aliyecheza Paulie, ni kweli alikuwa mhalifu?

Kwa maelezo yake mwenyewe alikamatwa mara 28 na aliwahi kufungwa. Alikubali kucheza kwa sharti moja: Paulie asigeuzwe kuwa mtoa siri kwa polisi. Sasa rudia misimu yote ukitazama ni mara ngapi hadithi inamsogeza Paulie karibu na usaliti, ikiwemo pale anapompelekea Johnny Sack wa New York maneno katika msimu wa 4, kisha inamrudisha. Anawasaliti wenzake kwa genge la New York, kwa makachero hathubutu. Waandishi walicheza ukingoni mwa sharti lake, na yeye hakuacha kulilinda.

Mwisho ule. Amekufa au hajafa?

Skrini inakuwa nyeusi katikati ya wimbo, kimya kwa sekunde 10 hivi, kisha majina. Usiku ule wa tarehe 10 Juni 2007 watazamaji wengi walidhani kebo yao imekatika. Kwa anayetaka kupima badala ya kubishana: tazama ndani ya mgahawa jinsi kengele ya mlango inavyolia, Tony anainua macho, kisha tunaona anachokiona. Mpangilio huo unarudiwa mara kadhaa. Kengele ya mwisho inalia Meadow anapoingia, Tony anainua macho, na zamu ya kuona anachokiona ndiyo iliyokuwa nyeusi. Barua za kupinga tutazisoma toleo lijalo, ila ziwe fupi.